Wanaachiliwa Milimani

Jedda, 8 Novemba 2024

Nanuka mbuzi. Nimeoga mara mbili na bado nanuka.

Bosi amenunua mbuzi wanane wa majabali, wale wenye pembe ndefu zilizopinda hadi karibu na mgongo, kutoka kwa mfugaji mmoja wa bara. Mimi dereva wake ndiye niliyetumwa kuwaleta. Niliajiriwa kumwendesha mtu wa viatu safi kutoka nyumbani kwake Riyadh hadi ofisini kwake mtaa wa Olaya, huko huko Riyadh. Leo nimefagia mavi ya mbuzi kwenye pikapu, na mimi niliondoka kwetu Mwingi ili nisiyafagie tena maishani.

Tumewaweka kwenye hoshi ya bosi, ua wenye ukuta mrefu huku kusini mwa Jedda, nyuma ya mtaa wa Al-Mahjar, anapotupa jenereta zake mbovu. Mlinzi wa hapa ni Mkenya kama mimi, anaitwa Protus, mtu wa Bungoma aliyenizidi umri. Anatema mate kila baada ya maneno matatu na anaongea mkate ukiwa mdomoni. Kila nikija Jedda nitalala naye chumba kimoja cha getini. Alipowaona mbuzi alishika kichwa.

"Danson! Haki ya Mungu, hawa wametoka kwenye Biblia kabisa!"

Akawasalimia mmoja mmoja kwa kuwashika ndevu. Nilimwambia akanawe mikono kabla ya kugusa sufuria. Hakunawa.

Jedda, 11 Novemba

Amri ya bosi kwa simu: wazoeshwe ndoo. Kila wakilishwa, ndoo ya shayiri itikiswe kwanza, wasikie, waje, ndipo wapewe. Nilimuuliza hiyo ndoo ni ya nini.

"Mafi kalam, Danson. Yalla." Hakuna maneno, twende kazi.

Mbuzi waligoma. Walijibanza ukutani wakitutazama kwa macho yale ya manjano. Kwa hiyo nikafanya kama tulivyofanya nyumbani: chumvi kwenye kiganja, unachuchumaa, unageuza uso pembeni ujifanye huna haja nao. Jioni mmoja alinilamba mkono. Protus alipiga makofi kama mtoto. Nilinawa kwa sabuni hadi ngozi ikauma, lakini nakiri nilijisikia vizuri.

Riyadh, 17 Novemba

Baridi imeanza. Bosi amekata kucha za miguu akiwa kiti cha nyuma, tukiwa kwenye foleni ya Olaya. Ameziacha kwenye zulia la gari.

Jedda, 23 Novemba

Protus amewapa wote majina. Jike mwenye kelele ni Mama Kwaya. Dume mwembamba ni Mwalimu wa Hesabu. Dume mkubwa, mwenye ndevu hadi kifuani na pembe ambazo siwezi kuzizungushia mikono, ni Hedimasta, kwa sababu asubuhi husimama mbele ya wenzake kama yuko gwaride.

Hahitaji tena ndoo, Protus. Anasimama mlangoni anaita, "Hedimaaasta! Kengele imelia!" na lile jitu linatoka mbio. Kisha anakata mkate, nusu anatia mdomoni mwake na nusu mdomoni mwa mbuzi. Wakati mwingine sioni ni nusu ipi imetoka wapi. Nilitoka nje nikapumue.

Korongoni, 29 Novemba

Bosi aliniambia nimchukue Mwalimu wa Hesabu na jike mmoja, nitangulie nao. Ni mwendo mrefu kaskazini mwa Jedda. Lami inaisha, yanaanza mawe matupu, halafu kuta za mwamba mwekundu zinapanda pande zote mbili hadi anga inabaki utepe. Nilifikiri wanahamishwa.

Wageni walikuwa upande wa pili wa korongo, juu, kwenye viti vya kukunja vilivyopangwa juu ya zulia, na birika la kahawa katikati. Ni watu wa ofisi za Olaya, wale wanaoamua ni kampuni gani itafagia jengo lipi na kulilinda. Bosi wangu, mwenye kampuni ya usafi na ulinzi, anaishi kwa hisani ya watu hao. Amewaambia kwamba hawa ni mbuzi wa porini, ambao sheria inakataza hata kuwagusa, na kwamba ana vijana wanaowafuatilia juu ya majabali wiki nzima. Hao vijana ni mimi.

Nilifungua sanduku la mbuzi nyuma ya mwamba. Mwalimu wa Hesabu alitoka, akatazama kuta zile, akanusa upepo. Nilidhani atapanda. Akageuka akaja kunusa mfuko wa shati langu, anatafuta chumvi. Simu ikaita, ni bosi.

"Ndoo, Danson. Nenda pale peupe, tikisa, halafu lala chini."

Hapo ndipo nilipojua ndoo ilikuwa ya nini. Na nilitikisa. Nimeandika hapa ili nisije nikajidanganya baadaye: nilitikisa. Likizo yangu ni Machi, kibali cha kutoka kiko mkononi mwa bosi, na Emmah mke wangu ameshaanza kuwaambia watoto baba anakuja.

Walinifuata wote wawili. Nilijilaza nyuma ya jiwe nikiwa nimekumbatia ndoo. Risasi ya kwanza ilimpata Mwalimu wa Hesabu tumboni, akakaa chini. Ya pili ikakosa. Hakukimbia. Alikuwa ananitazama, anasubiri shayiri. Huko juu mtu alicheka, na korongo likaleta kicheko chake hadi sikioni mwangu.

Jike naye aliangushwa, kisha wakashuka. Bismillah ilisemwa, kisu kikapita, nikafikiri sasa angalau heshima imeingia. Mgeni mmoja akampachika mbuzi sigara mdomoni, akamkalia mgongoni, akapigwa picha. Halafu akanishika bega na kunisifu kwa kazi ya wiki nzima majabalini. Mkono wake ulinukia manukato ya udi. Kisha nikaambiwa nioshe pikapu.

Jedda, 30 Novemba

Nyama hawakuitaka. Inanuka beberu, alisema bosi, na wageni walikuwa wameagiza kuku mjini. "Wapelekee wafanyakazi, ni sadaka." Nilifika hoshini nikiwa na pikapu tupu na mfuko wa nyama.

Protus alikuwa amesimama getini. "Wamefika salama?"

Nilikuwa nimepanga kumwambia. Njia nzima nilipanga. Lakini alikuwa na ule uso wake wa kusubiri mazuri, na mdomo wangu ukajisemea wenyewe.

"Wameachiliwa milimani. Kuna mpango wa kuwarudisha porini. Ndiyo kazi ya bosi hii."

Alipiga magoti pale pale kwenye vumbi. Alimshukuru Mungu kwa Kibukusu, kisha kwa Kiswahili ili nami niitikie amina. Niliitikia. Akauliza mfuko una nini. Nikasema nyama ya dukani, bosi ametuma. Akasema bosi huyu ni mtu wa Mungu, sisi tunamsengenya bure.

Alipika na vitunguu na nyanya. Nilimwambia nina vidonda vya tumbo, siwezi nyama. Alikula akilamba vidole na kunisimulia jinsi Mwalimu wa Hesabu atakavyopata mke huko milimani.

Riyadh, 8 Desemba

Treni mpya imeanza kupita Olaya na wafagiaji wetu wanaipanda wakiwa na sare. Lile jengo la mtu wa sigara limepata kampuni mpya ya usafi. Ni sisi.

Korongoni, 20 Desemba

Wawili tena. Mama Kwaya alipiga kelele hadi mwisho. Mgeni wa leo alilenga vibaya kiasi kwamba bosi alinipigia simu nitikise mara ya pili, kisha ya tatu. Mbuzi ana akili fupi kwa mtu anayempenda. Alirudi kila mara.

Nilitamani kumzaba bosi kofi. Badala yake nilimfungulia mlango wa gari.

Jedda, 21 Desemba

"Wameachiliwa?"

"Wameachiliwa."

"Mama Kwaya alipanda?"

"Alipanda hadi nikamkosa machoni."

Uongo sasa unatoka umenyooka, una hata maua. Protus ameikausha nyama nyingine kwa chumvi aiweke ya Krismasi. Imetundikwa juu ya kitanda changu kwa sababu upande wangu ndio unaopata upepo. Nimelala nikiitazama.

Riyadh, 25 Desemba

Siku ya kazi kama nyingine. Emmah amenitumia picha ya watoto. Nimempeleka bosi kwa kinyozi.

Jedda, 7 Januari 2025

Mvua ya jana imeigeuza Jedda kuwa bwawa. Nilifika hoshini nikiwa nimekunja suruali hadi magotini, nikipita kwenye maji yenye rangi ya chai na vitu ambavyo sitaki kuvijua. Zizi lilikuwa limejaa maji. Protus alikuwa amewaingiza mbuzi wote wanne chumbani kwetu. Hedimasta alikuwa amesimama juu ya kitanda changu, amekula nusu ya mto wangu, na ameacha malipo yake kwenye shuka.

Nilimfokea Protus maneno ambayo sitayaandika. Alinisikiliza tu huku akitetemeka. Ndipo nikaona kwamba godoro lake mwenyewe alikuwa amelitandika chini ya lango la zizi kuzuia maji, na kwamba alikuwa amesimama majini tangu mvua ianze akiwabeba mmoja mmoja. Hata Hedimasta alimbeba, sijui kwa nguvu gani, mtu mwenye kifua cha kikohozi.

"Walikuwa wanalia, ndugu yangu," alisema. "Ungefanyaje wewe?"

Miezi miwili nimemchukia mtu huyu kwa sababu ya mate na makombo. Nimekaa pembeni ya kitanda nikipangusa mavi, na kichefuchefu kilichonipanda hakikuwa cha mavi.

Korongoni, 17 Januari

Watatu mara moja, majike. Wageni walikuwa wengi na kila mmoja alitaka wake. Jike mmoja alikuwa na mimba. Walicheka wakasema ni wawili kwa bei ya mmoja.

Jedda, 18 Januari

Amebaki Hedimasta peke yake. Bosi anamtunza kwa mgeni mkubwa ambaye atakuja kabla ya Ramadhani, mtu mwenye majengo mengi Olaya kuliko wote. Mgeni anataka pembe za kutundika ukutani.

Protus haachi kuuliza. "Huyu naye lini? Anaona upweke sana." Anamwombea Hedimasta siku yake ya kuachiliwa ifike.

Niliwaza jambo hili nikiwa naosha masufuria. Wale saba walikufa kwa sababu ya kiganja changu. Kuta zile za mwamba ziliwangoja, miguu yao inaweza kuzipanda, hakuna risasi ya wavivu wale ambayo ingewafikia huko juu. Hawakupanda kwa sababu nilikuwa nimewafundisha kwamba binadamu ni chumvi. Hedimasta akiniogopa, atapanda. Sasa bosi yuko safarini ng'ambo, nami nimeachwa hapa hoshini hadi arudi.

Jedda, 20 Januari

Protus alipoenda Al-Mahjar kununua mkate, niliokota mawe.

La kwanza nililirusha karibu naye tu. Alilinusa. La pili lilimpata ubavuni, akaruka, kisha akaja kwangu mbio, kichwa kimeinama, ajifiche nyuma yangu dhidi ya huyo anayetupa mawe. Niliketi chini nikashindwa kuendelea.

Jedda, 21 Januari

Nimeendelea.

Jedda, 29 Januari

Sasa akisikia viatu vyangu anakimbilia kona ya mbali. Nikitikisa ndoo anakoroma. Nimemchana juu ya jicho. Mkono wangu wa kulia unauma bega. Nanawa, nakula, nalala, naamka, nasubiri mwenzangu aende dukani nimpige mnyama asiye na kosa. Najinukia mwenyewe sasa, wala si mbuzi.

Jedda, 4 Februari

Protus ameona majeraha. Anaamini kuna vijana wanaopanda ukuta. Amezunguka hoshi yote na rungu akitafuta alama za miguu. Amemwosha Hedimasta kwa maji ya chumvi, amempaka mafuta aliyonunua kwa pesa zake, amemwekea shayiri mara mbili ya kawaida. Na sasa analala naye zizini ili amlinde.

Nilitaka kumwambia aache. Ningemwambiaje bila kumwambia yote? "Protus, usimbembeleze, kwa sababu..." na baada ya "kwa sababu" kuna korongo, na baada ya korongo kuna mfuko wa nyama. Alikula mara tatu. Alinishukuru mara tatu.

Jedda, 12 Februari

Alirudi mapema. Alisahau pochi. Alinikuta na jiwe mkononi na Hedimasta amebanwa kwenye kona, damu inatiririka puani.

Nilingoja anipige. Hakunipiga. Hata mate hakutema.

"Ni wewe," alisema. "Danson. Ni wewe wakati wote huu."

"Protus, sikiliza..."

"Nisikilize nini? Wewe una shetani. Mtoto wa watu, umekula na mimi sahani moja, kumbe una shetani."

Akanipita akamkumbatia mbuzi shingo, na mbuzi akamwekea kidevu begani. Kisha Protus akahamisha blanketi na sufuria yake zizini kabisa. Chumba sasa ni changu peke yangu, kisafi, hakinuki chochote.

Jedda, 16 Februari

Bosi amerudi. Nilijaribu kumwingiza Hedimasta kwenye sanduku la safari, kwa majaribio, akanikita pembe kwenye paja hadi nikaanguka. Nachechemea. Bosi alisimama langoni akacheka, halafu akaacha kucheka.

"Nani anaweza kumpakia huyu?"

Protus akamwita tu, "Kengele imelia," na lile jitu likaingia sandukuni kwa miguu yake.

"Halas, basi. Huyu mlinzi ataenda na wewe Ijumaa."

Protus alifurahi sana. Alisahau hata kwamba hasemi nami. "Nitaona akiachiliwa! Nitaona kwa macho yangu!" Nimemwambia bosi kwamba Protus ni mgonjwa, kwamba hoshi haiwezi kubaki bila mlinzi, kwamba njia ni mbaya kwa kifua chake. "Mafi kalam," akasema.

Jedda, 20 Februari

Kesho. Leo Protus amemchana ndevu Hedimasta kwa kitana chake mwenyewe, halafu akajichana nacho nywele. Sikuhisi kinyaa. Nilihisi ningemwambia. Nilisimama mlangoni mwa zizi na maneno yote tayari. Akainua uso akanitazama jinsi unavyotazama kitu kilichokwama kwenye kiatu. Nikaondoka.

Korongoni, 21 Februari

Naandika ndani ya pikapu, mlango umefungwa. Protus yuko nje.

Tulifika jua likiwa limepanda kidogo. Wageni walikuwa upande wao wa kawaida, juu ya zulia lao, hawaonekani kutoka tulipokuwa. Protus alishuka, akazitazama kuta zile, akavua kofia. "Hapa ndipo wanapoishi akina Mama Kwaya?" Nikasema ndiyo. Alianza kuita majina yao kwa sauti ya chini, mmoja mmoja, akitafuta juu ya miamba.

Nilifungua sanduku. Hedimasta alitoka, akaniona, akakoroma, akaruka.

Alipanda! Sijawahi kuona kitu kama kile. Ukuta uliosimama wima, na yeye anaweka kwato mahali ambapo mimi siwezi kuweka ukucha, anaruka, anageuka, anaruka. Mawe madogo yalituangukia vichwani. Alipofika kwenye ukingo mwembamba juu kabisa, alisimama akatutazama, pembe zimekata anga. Protus alikuwa akilia na kucheka, amenishika mkono, ndiyo, alinishika mkono mimi.

"Ameenda, Danson! Ameenda!"

Simu iliita. Sikupokea. Ikaita tena. Nikatikisa ndoo kama nilivyoamriwa, nikaitikisa kwa nguvu zangu zote, kwa furaha, kwa sababu nilijua. Kila nilipotikisa alisogea juu zaidi. Hakuna aliyewahi kunichukia vizuri hivyo.

Bosi akashuka mwenyewe kwa miguu, kanzu ameikunja mkononi, jasho linamtoka. Mgeni mkubwa anangoja, alisema. Mgeni mkubwa hangoji. Akaninyang'anya ndoo akaitikisa yeye. Hakuna kitu. Akaitupa, akamgeukia Protus. Alikumbuka siku ya sanduku. Akamwonyesha mbuzi, akaonyesha mdomo.

"Wewe. Mwite."

Bosi hajui Kiswahili hata neno. Ningeweza kusema chochote. Nilikuwa na nafasi yote duniani.

"Protus, usimwite," nilisema.

"Kwa nini? Nimuage tu. Bosi mwenyewe anataka tumuage."

"Usimwite, nakuomba."

"Wewe ndiye wa kuniambia? Wewe wa mawe?"

Kinywani mwangu kulikuwa na sentensi moja tu fupi. Watampiga risasi. Maneno mawili. Lakini nyuma yake zilikuwa zimepanga foleni nyingine zote, Mama Kwaya, wale majike, ile nyama aliyoipika na vitunguu na nyanya, na niliona aibu. Siandiki woga. Bosi sikumwogopa kwa wakati ule. Niliona aibu mbele ya Protus, nikanyamaza kwa muda wa mtu kuvuta pumzi. Yeye tayari alikuwa ameweka mikono mdomoni.

"Hedimaaasta! Kengele imelia!"

Alishuka. Alishuka kwa uangalifu, ukingo kwa ukingo, akikwepa upande niliosimama mimi. Alipofika chini akamwendea Protus moja kwa moja pale peupe, akamnusa mfuko. Protus alikuwa anamkuna katikati ya pembe na kumwambia aende salama, awasalimie wenzake.

Wangeweza kumuua Protus. Walipiga hata hivyo.

Jedda, 22 Februari

Mgeni alipiga picha nyingi. Alitaka mwito wa Protus urudiwe ili aurekodi kwenye simu. Protus alikuwa amekaa chini, shati limejaa damu ambayo si yake, hakuelewa anaombwa nini. Bosi alisema ni furaha imemzidi.

Tulipoiona taa ya kwanza ya mji tukirudi, Protus akafungua mdomo, akiwa anatazama mbele.

"Danson. Na ile nyama?"

Nilisimamisha gari pembeni. Nilimwambia yote, tangu Mwalimu wa Hesabu. Nilimwambia na mawe yalikuwa ya nini. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akafungua mlango, akaingiza vidole kooni, akajaribu kutapika chakula alichokula tangu Novemba. Hakuna kilichotoka isipokuwa maji. Aliendelea kujaribu. Nilimshika mgongo, akautoa mkono wangu, si kwa hasira, aliutoa tu.

Riyadh, 27 Februari

Mkataba mkubwa umepatikana. Bosi ameninunulia tiketi ya likizo yeye mwenyewe, na kibali cha kutoka ametoa bila kuombwa. Ameniambia mimi ni kama mwanawe. Niliusogeza uso pembeni kwa sababu ya pumzi yake, na kwa sababu nilimwambia ahsante baba.

Jedda, 6 Machi

Nasafiri kesho kutwa kutoka hapa Jedda. Nilifika hoshini nimechukua mfuko wangu wa nguo, nikijua Protus hatanifungulia.

Lango lilikuwa wazi. Bosi ameshaleta wengine wa msimu ujao, wadogo kumi na wawili, pembe zao bado urefu wa kidole. Protus sasa ndiye mwitaji rasmi, ameongezwa mshahara. Alikuwa amesimama katikati ya ua akinipa mgongo, na miguuni pake kulikuwa na rundo la mawe aliyoyachagua, madogo madogo, ya duara, yasiyochana.

Alirusha moja. Wale wadogo wakatawanyika, kisha wakarudi kwake wakirukaruka, wakidhani ni mchezo. Akarusha tena. Alikuwa analia kwa sauti kubwa, kamasi zinamtoka, hajipangusi.

Nilitua mfuko. Hakunisalimu. Alilisukuma rundo kwa mguu, nusu ikaja upande wangu.

"Wewe kaa huko ukutani," alisema. "Wakikukimbilia, usiwapokee."

Nilirusha. Tulirusha hadi adhana ya magharibi. Mmoja mdogo, mweupe tumboni, hakukubali kuelewa. Kila akipigwa alirudi kwa Protus akamlamba vidole, na Protus alimpiga teke, akarudi, akampiga teke tena.